Kiti cha Malka Dida: Trekta Moja, Safari Moja

Yowe lilitoka kwenye nyumba ya nyasi, hatua hamsini kutoka mtoni, na wanawake wote waliokuwa wakipanda trela wakageuza shingo.

Yowe la pili halikuwa na nguvu kama la kwanza. Hilo ndilo lililowatisha.

Wasomaji wangu wa kila Jumamosi mnakumbuka tulipomwacha Habsa Kotile: ukingoni mwa Ewaso Nyiro, saa tisa na robo alasiri, siku yenyewe ya uchaguzi mdogo. Wanawake themanini waliomuunga mkono walikuwa wamekwama ng'ambo, mto umefurika, shule ya kupigia kura wanaiona kwa macho. Na trekta ya kikundi chao ndiyo kwanza imefika. Nawe unayeingia leo, keti. Hujachelewa.

Jua tu kwamba Habsa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka kumi na tisa kabla ya kuwa mwakilishi wa wadi ya Malka Dida katika bunge la kaunti kule Isiolo. Alishinda kwa kura kumi na moja. Mahakama ikafuta ushindi wake kwa sababu ya fomu zisizo na sahihi, akarudi nyumbani bila kiti, na sasa alikuwa akikitafuta upya. Mpinzani wake ni Abdifatah Guled, mwenye malori, mtu wa maneno matamu na magari mengi.

Hesabu ya Habsa ilikuwa hivi: trela ikijazwa vizuri inachukua wanawake ishirini na saba. Safari tatu, nusu saa kila moja. Saa kumi na moja kituo kinafungwa. Ilitosha, lakini haikuwa na dakika ya kuchezea.

"Nani huyo analia?" aliuliza.

Wanawake wakatazamana.

"Nimeuliza ni nani!"

"Ni Ikra," alisema Hamdi, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke wa maneno machache. "Ikra wa Kabale. Alikuja kujifungua kwa mama yake. Ameanza tangu jana asubuhi."

Ikra alikuwa mke wa Abdifatah.

Kabale, mama yake Ikra, alitoka ndani ya nyumba mbio, mikono yake imelowa hadi kwenye viwiko. Hakupiga magoti wala hakulia. Alisimama mbele ya Habsa akamwangalia usoni.

"Mwalimu, damu haisimami. Nipe trekta."

"Kabale, nisikilize..."

"Sikudanganyi. Kitambulisho ninacho hapa, na nikivuka nitampigia mkwe wangu kura. Lakini mtoto ni wangu, na trekta ni moja."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kutoka shuleni hadi hospitali ya Merti ni mwendo wa saa nzima kwenye tope. Trekta ikimpeleka Ikra haitarudi kabla ya jioni. Wanawake watakaovuka ni wale watakaopanda naye safari hiyo moja. Wengine watabaki hapo walipo, na kura zao.

"Kwani shuleni hakuna gari?" Habsa alimuuliza Ekaale, dereva.

"Iko moja, ya maboksi ya kura," alisema Ekaale. "Imezama kwa tope tangu asubuhi. Nimepita nimeiona. Askari wamevua viatu wamekaa juu yake."

Ndipo Habsa akasema neno ambalo hakulisahau tena.

"Tuvushe watu kwanza. Safari mbili tu. Ya tatu tumchukue Ikra."



Hamdi alitema mate pembeni. "Mwalimu, ile nyumba ya mawe pale ni ya nini?"

Habsa hakugeuka. Alijua ni nyumba gani. Ilikuwa dispensari aliyoijenga yeye mwenyewe, kwa hoja aliyoipigania bungeni miezi minane. Ilikuwa na rangi nyeupe, bati jekundu na jina lake kwenye kibao. Na kufuli mlangoni. Nesi hajaletwa hata siku moja.

"Ulikata utepe tukakupigia vigelegele," Hamdi aliendelea. "Tangu siku hiyo tumezika wanawake wawili. Hatukukusema, kwa sababu ulijaribu. Lakini leo usituambie safari ya tatu."

Habsa alitoa simu, akakimbilia kwenye kichuguu, mahali pekee penye mtandao upande ule. Alikuwa na wazo moja la mwisho. Abdifatah ana Landcruiser nne Merti. Akituma moja tu hadi shuleni, trekta itamvusha Ikra, gari litampokea, na trekta itarudi kuchukua wengine. Mke atapona, na kura zitavuka.

Simu ililia mara tano.

"Mheshimiwa mstaafu!" Ilikuwa sauti ya Abdifatah, na nyuma yake watu wengi wakicheka. "Umeamua kunipongeza mapema?"

"Abdifatah, niko Malka Dida, ng'ambo. Ikra anavuja damu. Tuma gari mpaka shuleni, sasa hivi."



"Ikra ana wiki tatu bado."

"Wallahi, Abdifatah, niko naye hapa. Nimesikia..."

Sauti nyingine iliingia. Ilikuwa ya Robow, mkuu wake wa kampeni. "Usimsikilize. Anataka tuondoe gari barabara ya Korbesa ndipo watu wetu wakwame. Huyo mwalimu ameanza sinema."

"Habsa," Abdifatah alisema polepole, "siasa ni siasa. Mke wangu muache nje."

"Mpigie mama yake basi! Mpigie Kabale!"

Simu ilikatwa. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Habsa alishuka kichuguu. Hakwenda kwenye trekta. Alienda kwenye nyumba ya nyasi, akainama, akaingia.

Ikra alilala juu ya ngozi, uso umebadilika rangi kama majivu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Habsa alimfundisha darasa la nne, msichana wa kiti cha mbele aliyeinua mkono hata kwa swali asilolijua. Macho yalimtafuta, yakamwona.

"Mwalimu," alisema. "Nakufa?"

Habsa alifungua mdomo. Amehutubia mikutano, amesimama mahakamani, amebishana bungeni na wanaume waliomwambia akae chini. Kwa Ikra aliweka tu kiganja kwenye paji la uso wake.

Alitoka nje akiwa amebadilika.

"Leteni ngozi hiyo pamoja naye! Wanne shikeni pembe! Ekaale, washa!"

Walimpakia. Wanawake ishirini tu ndio waliopata nafasi, wamekaa kwenye kingo za trela, miguu nje, ili Ikra alale. Sitini walibaki wamesimama. Hakuna aliyesukuma mwenzake wala kugombea. Habsa angependa wagombee, wamlaumu, wamtukane. Walimwangalia tu.

Alipanda, akakaa kwenye sakafu ya trela, akaiweka miguu ya Ikra mapajani mwake na kuiinua juu. Kabale alishika kichwa.

Trekta ikaingia mtoni.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba matawi na mzoga wa mbuzi. Yalifika kwenye ekseli. Yakapanda zaidi, yakaanza kuingia ndani ya trela kupitia nyufa, na ngozi ikalowa.

Katikati ya mto injini ilikohoa mara mbili. Ikazima.

"Ekaale!"

"Subiri!"

"Ekaale, washa!"

"Nimesema subiri, mama!" Ekaale alikuwa ameinama, anavuta kitu chini ya usukani, anaongea na mashine kwa Kiturkana kama mtu anayembembeleza ng'ombe jeuri. Trela ilianza kusogea upande, polepole, ikifuata maji.

Hamdi ndiye aliyeruka wa kwanza. Maji yalimfika kifuani. Wa pili akaruka, wa tatu, kisha wote, baibui na dera zikielea juu ya maji kama majani. Wameweka vitambulisho midomoni, wamevibana kwa meno. Wakasukuma.

"Moja! Mbili!"

Hakuna kitu.

"Tena!"

Mwanamke mmoja aliteleza akazama, akashikwa nywele na jirani yake, akainuka akitapika maji na kitambulisho bado kiko mdomoni. Wakasukuma tena. Trela ilinyooka. Injini ikapiga kelele, ikafuka moshi mweusi, ikashika.

Saa kumi na dakika kumi waligusa nchi kavu.

Wanawake ishirini walikimbia kwenda shuleni, wanadondosha maji. Habsa alitaka kupanda tena na kwenda Merti, lakini Kabale alimzuia kwa mkono.

"Baki. Hii siku ni yako pia. Mimi ninaye."

"Kura yako je?"

Kabale alimtazama kana kwamba ameulizwa swali la kipumbavu. Trekta ikaondoka.

Habsa alirudi ukingoni. Ng'ambo, wanawake sitini walikuwa bado wamesimama palepale. Saa kumi na nusu hawajaondoka. Saa kumi na dakika hamsini, mmoja wao aliinua kitambulisho chake juu. Kisha mwingine. Kisha wote, mikono sitini hewani, kama darasa linalotaka kuitwa jina.

Saa kumi na moja kamili askari alifunga lango la shule, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni.

Habsa alikaa kwenye tope akalia, mama mtu mzima wa miaka arobaini na saba, bila kujificha.

Kabla ya Magharibi Ekaale alipiga simu.

"Amefika, mama. Yuko hai. Wamemuongeza damu."

"Alhamdulillahi! Na mtoto?"



"Mtoto hakufika," alisema.

Kesho yake, saa sita mchana, ukumbi wa Merti ulikuwa umejaa hadi madirishani. Vituo tisa. Vinane vilikuwa vimeshasomwa, na msimamizi wa uchaguzi, Mutwiri, kijana wa miwani aliyekuwa hajalala siku mbili, alikuwa amebakisha fomu moja mkononi.

Sasa jishikilieni, kwa sababu mpaka hapo Habsa alikuwa mbele kwa kura arobaini na nne!

Ndiyo. Hata bila wale sitini. Vijiji ambavyo hakuvitegemea vilimpa. Watu wake walianza kukumbatiana. Mmoja alikimbilia nje kutafuta maikrofoni. Habsa alijizuia kutabasamu, kwa sababu ya Ikra, lakini moyo ulikuwa unapanda bila ruhusa yake.

"Kituo cha Goda," Mutwiri alisoma. "Habsa Kotile, mia moja ishirini na mbili."

Vigelegele.

"Abdifatah Guled, mia moja themanini na tatu."

Vigelegele vilikatika kama uzi.

Haikuhitaji karatasi kuijua tofauti. Ameshindwa kwa kura kumi na saba. Kumi na saba! Na ng'ambo ya mto aliacha sitini.

Upande wa pili wa ukumbi uliruka juu. Robow alipanda kwenye kiti, akavua kofia na kuizungusha hewani. Watu wa Habsa hawakumwangalia. Alisikia mmoja akisema nyuma yake, kwa sauti ambayo haikujificha: "Kwa sababu ya mke wa adui. Ametuuza kwa sababu ya mke wa adui."

Habsa alikaa akitazama mikono yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kitu kibaya zaidi: alikuwa akijiuliza kama angefanya vilevile leo, akijua mtoto hakupona. Na jibu halikuja haraka kama alivyotaka.

Ghafla kelele zilipungua. Abdifatah alikuwa ameingia.

Alivaa shati lile lile la jana. Ndevu zimesimama, macho mekundu. Watu wake walitaka kumbeba mabegani; aliwasukuma. Alipita katikati ya ukumbi, akapita kiti chake cha mbele, akaenda kukaa karibu na Habsa.

"Ikra amekunywa uji," alisema chini chini, macho mbele.

"Poleni sana, Abdifatah. Poleni na mtoto."

"Alikuwa wa kiume." Alijifuta uso. "Daktari amesema, nusu saa zaidi, ningezika wawili. Habsa, nilidhani... Robow alisema ni sinema, na mimi nilitaka iwe sinema."

"Najua."

"Hujui." Aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu. Midomo yake haikusogea sana. "Goda hukushindwa. Wakala wako alitolewa nje saa nane, wakasema barua yake haina muhuri. Mimi nilipata mia moja na tatu. Robow ameniambia mwenyewe leo asubuhi, akicheka. Sifuri imekazwa kiuno ikawa nane."

Habsa aligeuza kichwa kumtazama.

"Iangalie fomu yenyewe, ile ya juu, si nakala," Abdifatah alimalizia. "Wino ni wa kalamu mbili. Lakini haitafika Isiolo. Wameandika nyingine safi, iko kwenye gari. Wataibadilisha njiani."

Sitini hao hawakuhitajika. Alikuwa ameshinda. Alikuwa ameshinda kwa kura sitini na tatu!

"Simama useme," alinong'ona. "Sema hivyo hivyo, mbele ya watu."

Abdifatah alitikisa kichwa kukubali. Aliweka mikono magotini, akajiinua.

Hakuwahi kunyooka. Mlango mkubwa ulifunguka na Robow akaingia na askari watatu. Ni lini alitoka, hakuna aliyeona.

"Habsa Kotile?" aliita mkubwa wao. "Tuna malalamiko hapa. Siku ya kura ulisafirisha wapiga kura kwa trekta, ukiwaambia wakupigie wewe. Utatufuata kituoni."

"Trekta ni ya kikundi cha kina mama!" Habsa alisimama. "Na aliyebebwa ni nusu maiti! Muulizeni huyu! Abdifatah, waambie nani alikuwa kwenye trekta. Waambie na ya Goda!"

Macho mia tatu yalimgeukia Abdifatah.

Alikuwa amesimama sasa. Mdomo ulifunguka.

Robow alimfikia kwanza. Alimshika bega kama anayempa pole, akamsogelea sikioni, na Habsa, aliyekuwa karibu kuliko wote, alisikia kila neno.

"Ikra anadhani simu yako haikuwa na chaji. Nimwambie ukweli?"

Lo! Mngeuona uso wa mtu yule. Mwanamume aliyeingia pale na ujasiri wa mfiwa alizeeka mbele ya macho ya watu. Alimtazama Habsa. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemwomba amsaidie kubeba kitu.

"Sijui chochote kuhusu Goda," alisema.

Akakaa.

Habsa hakupiga kelele. Askari alikuwa hatua kumi kutoka kwake. Mbele, juu ya meza, Mutwiri alikuwa amevua miwani anasugua macho kwa viganja, na fomu ya Goda ilikuwa imelala mbele yake, peke yake, imezuiwa na kikombe cha chai isipeperushwe na upepo wa feni.

Kulia kwa meza ulikuwa mlango mdogo wa jikoni. Ulikuwa wazi.

Miaka kumi na tisa darasani alichapa na kufundisha na kuonya juu ya kitu kimoja kuliko vyote: kuchukua kisicho chako. Bungeni hakuwahi kuguswa na jina la mwizi. Hata maadui zake walisema, mwalimu ni mbishi lakini si mwizi. Na alijua sheria. Fomu ikitoka kwenye mikono ya msimamizi, yeye ndiye atakayekuwa na hatia, si Robow. Hata ikiwa na ukweli wote wa dunia.

Lakini ikibaki pale mezani, ukweli huo utachomwa kabla ya jua kuzama.

"Mheshimiwa, twende," askari alisema akinyoosha mkono.

"Twende," alijibu Habsa.

Akapiga hatua moja kumwelekea. Ya pili ikageuka. Kikombe kilianguka, chai ikamwagika juu ya magoti ya Mutwiri, mtu akapiga ukelele, na Robow, wa kwanza kuelewa, akanguruma: "Mshikeni! Mshikeni huyo!"

Viti vilipinduka. Mlango wa jikoni ulifungwa kwa kishindo, na komeo likateremka upande wa ndani.

Habsa Kotile alisimama gizani kati ya sufuria, karatasi imebanwa kifuani, ngumi za askari zikipiga mbao nyuma ya mgongo wake. Alitafuta mlango wa nje kwa macho, akauona.

Ulikuwa na kufuli.